Springi za mbele za Land Cruiser 80: tathmini baada ya miezi sita katika barabara za Dodoma

Kwa miaka mitatu kabla ya kununua springi hizi, nililijua kila korongo lililopo kati ya Mpwapwa na Kibakwe kwa kishindo chake. Gari lilishuka kwenye mchanga, pua ikazama, kisha kikaja kishindo kizito ambacho hakikuishia masikioni bali kilipanda kwenye usukani hadi mabegani. Kishindo hicho hutokea pale springi ya mbele inapobanwa mpaka mwisho wa uwezo wake na ekseli ikaigonga raba ya kizuizi iliyofungwa chini ya chesisi. Katika gari langu raba hizo zilikuwa zimelika kiasi kwamba kilichobaki kilifanana na kokwa la embe lililofyonzwa, kwa hiyo kilichokuwa kikigongana ni chuma kwa chuma. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya springi nilizofunga ili kuliondoa tatizo hilo, baada ya miezi sita na kilomita zinazokaribia 9,000, na ni tathmini ya ufungaji wake pia, kwa sababu nusu ya shida nilizozipata hazikutoka kwenye springi zenyewe.

Gari ni Land Cruiser ya muundo wa 80, ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2. Hapa mjini kila gari la umbo hili huitwa VX, hata lile lenye maandishi ya GX mgongoni kama langu, na nimekwisha kuacha kubishana. Muundo huu, ambao Toyota iliuingiza sokoni kuanzia 1990, ulitofautiana na ule wa 60 uliotangulia kwa kuwa magurudumu yote manne yanabebwa na springi za mviringo badala ya zile za vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka. Ekseli ya mbele ni moja nzima kutoka tairi hadi tairi. Imeshikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chesisi, pamoja na fimbo moja inayokatiza upande hadi upande ili ekseli isihame kushoto wala kulia. Mpangilio huo ndio unaoifanya kazi ya kubadilisha springi ionekane nyepesi, na ndio unaoleta matatizo nitakayoyaeleza huko mbele. Wenye Prado kuanzia muundo wa 90 wasome kwa tahadhari, maana kwao hakuna ekseli nzima mbele. Kila gurudumu linajitegemea na springi imefungwa pamoja na shokapu kama kitu kimoja. Wenye pikapu za mkonga, yaani Land Cruiser za muundo wa 70, zilizotengenezwa tangu 1999, ambazo mbele zina springi za mviringo na nyuma zina za bapa, watajiona humu zaidi.

Kazi yangu ni kukarabati pampu za visima vijijini, na kwa ajili hiyo gari limebebeshwa vitu ambavyo mtengenezaji hakuvihesabu. Bampa la chuma la mbele lina kilo 70 hivi, winchi na waya wake inakaribia 40, na betri ya pili ina kama 25. Jumla yake ni kilo 135, uzito wa watu wawili wa wastani, lakini tofauti na abiria, vitu hivi havishuki garini. Kibaya zaidi ni mahali vinapokaa. Bampa na winchi viko mbele ya kitovu cha gurudumu, kwa hiyo vinafanya kazi kama mtu mzima aliyekalia ncha ya ubao wa bembea: upande wa mbele unapokea zaidi ya uzito halisi wa chuma kile, na upande wa nyuma unapunguziwa. Springi zilizotoka kiwandani zaidi ya miaka 30 iliyopita, ambazo hata bila bampa zingekuwa zimechoka, zilikuwa zikidaiwa deni lisilo lao.

Nilianza, kama wengi tunavyoanza, na dawa ya bei nafuu. Fundi mmoja alinipachikia zile raba nene zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi, ambazo teksi nyingi za mjini huzitumia. Gari lilinyanyuka siku hiyohiyo, nami nikafurahi. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba raba ile inainyima sehemu ya springi nafasi ya kubonyea, hivyo mizunguko michache iliyobaki inabeba mwendo wote peke yake, na chuma kinachopindishwa kupita kiasi mahali pamoja hakichukui muda kuchoka. Baada ya miezi kadhaa springi ya kulia ilikatika kwenye mzunguko wa chini kabisa. Sikusikia ikikatika, niligundua wakati wa kubadilisha tairi, nilipoona kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja kimelala juu ya ekseli, kimepata kutu upande mmoja na kinang'aa upande mwingine.

Springi zilizotumika kutoka Japani zinapatikana, na bei yake inavutia, lakini kununua springi ya umri uleule kama ile iliyokufa ni kubadilisha mgonjwa kwa mgonjwa. Kuna pia vipande vya aluminiamu au mpira mgumu vinavyowekwa juu ya springi ili kulinyanyua gari. Hivyo haviongezi nguvu hata chembe: vinainua chesisi na kuiacha springi na udhaifu wake, na aliyekuwa akizama kwenye korongo ataendelea kuzama, ila kutoka juu zaidi. Nikabaki na springi mpya za kubeba mzigo. Zinazojulikana sana kwa wenye Land Cruiser ni za Australia, kama vile Old Man Emu ya kampuni ya ARB, Ironman na Dobinsons, na si ajabu, kwa kuwa njia za vumbi za bara lile zinafanana mno na za kwetu. Nilichukua za daraja hilo. Chapa yenyewe sitaitaja, kwa sababu malalamiko kadhaa yaliyomo humu ni ya muuzaji na ya gereji, na isingekuwa haki kuyabandika kwenye jina la mtengenezaji.

Springi hizi huuzwa kwa madaraja ya uzito. Kwa gari moja lilelile utakuta jozi ya mbele ya gari lisilo na kitu, jozi ya gari lenye bampa, na jozi ya gari lenye bampa na winchi, na zote zikiwa zimelala sakafuni dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Muuzaji wa Dar es Salaam niliyempigia simu hakuniuliza gari limebeba nini. Aliniambia tu, "Mzee, chukua hizi za mzigo mkubwa kabisa, hutajuta," kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Ushauri huo nimeusikia kwa mafundi pia, na nauona kuwa chanzo kikuu cha watu kuzichukia springi mpya. Springi ngumu kupita uzito inaoubeba haibonyei pale inapotakiwa kubonyea. Inakuwa kama gogo lililosimamishwa kati ya ekseli na chesisi, na kila jiwe linalokanyagwa linafika kwenye kiti cha dereva bila kupunguzwa.

Ili nisibahatishe, nililipima gari. Nilikuwa nikipita Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, nikamwomba mfanyabiashara mmoja wa nafaka aniruhusu kutumia mzani wake wa malori. Nilisimamisha magurudumu ya mbele peke yake juu ya mzani, tenki likiwa limejaa nami nikiwa kwenye usukani, huku vijana wa magunia wakinitazama kama mtu aliyekuja kuuza gari kwa kilo. Mzani ulisoma 1,320. Mizani ya aina hiyo husoma kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo sikuichukulia namba hiyo kama kipimo cha duka la dawa, lakini ilinitosha kwenda nayo kwenye jedwali la mtengenezaji, na jedwali likanielekeza kwenye daraja la kati, la bampa na winchi nyepesi, wala si lile kubwa nililokuwa nikisukumiwa.

Tofauti ya daraja moja na jingine si ndogo kama inavyodhaniwa. Ugumu wa springi ya mviringo hufuata kipeo cha nne cha unene wa waya wake, yaani unene × unene × unene × unene. Ukiongeza unene kutoka milimita 15 hadi 16, vipimo vingine vyote vikibaki vilevile, umeongeza ugumu kwa takriban asilimia 29. Milimita moja ni kitu kidogo kwa macho, lakini asilimia 29 ni tofauti kati ya gari linaloweza kumbeba mgonjwa na lile litakalomwongezea maumivu. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kuikata springi mzunguko mmoja, jambo ambalo baadhi ya mafundi bado wanalifanya ili kushusha gari, huifanya iwe ngumu zaidi: mizunguko ikipungua, kila uliobaki unalazimika kupinda zaidi.

Mzigo ulifika kwa basi, nikauchukua stendi kuu ya Nanenane ukiwa umefungwa kwenye kiroba na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ubora wa springi zenyewe sina neno nao. Rangi ilikuwa imeshika sawasawa hadi kwenye ncha, mizunguko ilikuwa imepangika bila kupinda upande, na kila springi ilikuwa na karatasi ndogo iliyogandishwa, moja ikiwa na maandishi ya upande wa dereva na nyingine ya upande wa abiria. Karatasi hizo ziangaliwe kabla ya mtu mwingine yeyote kuzigusa springi. Katika jozi yangu, ya upande wa dereva ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa sentimita moja na nusu, na ipo sababu: upande ule ndio unaobeba dereva kila siku, hata pale gari linapotembea bila abiria.

Sasa nifike gereji, ambayo ni moja ya zile zilizopangana upande wa Kizota, na jina lake nitalihifadhi. Fundi alikuwa mchapakazi na mwenye mikono mizuri, na kazi aliianza vizuri saa tatu asubuhi. Aliliinua gari, akaweka stendi imara chini ya chesisi, akafungua shokapu, ile fimbo inayokatiza upande hadi upande na stabilaiza (chuma kinachozuia gari lisilale sana kwenye kona), kisha akaishusha ekseli taratibu kwa jeki mpaka springi ya zamani ikalegea na kutoka kwa mkono. Katika gari hili hakuna haja ya vibanio vya kukandamiza springi, na hiyo ni nafuu kubwa, maana kwenye Prado springi iliyobanwa ikimponyoka mtu inaweza kumuua. Nilichomsihi ni kuwa asiiache ekseli ining'inie kwa mpira wa breki, naye akacheka na kunionesha kwamba alikwisha kuufungua kwenye kishikizo chake. Nilimpa alama kwa hilo.

Kosa lilikuja baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimekwenda kununua raba mpya za kizuizi, na niliporudi nikakuta springi zote mbili zimekwisha kufungwa, karatasi zimebanduliwa na kutupwa. Gari liliposhushwa chini, nikapima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Asubuhi nilikuwa nimepata sentimita 47.5 kushoto na 46 kulia. Sasa nikapata 55 kushoto na 52 kulia. Gari lilisimama kama mtu aliyeweka mkono mmoja kiunoni.

"Fundi, umezipishanisha," nilimwambia.

"Hapana, bosi, springi mpya lazima zikae kwanza. Tembea nayo wiki moja tu, itajiweka sawa."

Ni kweli kwamba springi mpya hushuka kidogo baada ya kutumika, lakini zinashuka zote mbili, na hakuna wiki itakayoshusha upande mmoja na kupandisha mwingine. Ilinibidi nichukue kipande cha chaki nikaandika vipimo vyote vinne sakafuni, chini ya gari, ndipo akakubali kufungua tena. Zilipobadilishana nafasi, nikapata 53.5 pande zote mbili. Hatukugombana, na alikataa kunidai fedha ya ziada, lakini saa mbili zilipotea, na kama nisingekuwa na futi kamba mfukoni ningeondoka na gari lililoinama na maelezo ya kuniliwaza.

Jambo la pili nililolisimamia pale gereji ni dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo yake. Mikono inayoishika ekseli ina bushi za mpira, na mpira huo umegandishwa kwenye kipande cha chuma cha ndani ambacho hubanwa na bolti. Ukikaza bolti hizo gari likiwa limening'inia kwenye stendi, unaubana mpira ukiwa katika nafasi ya ekseli iliyoshuka. Gari likirudi chini, mpira unabaki umesokotwa muda wote, na utachanika mapema. Bolti za bushi zinapaswa kushikizwa tu gari likiwa juu, kisha zikazwe kikamilifu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Fundi alilijua hilo alipoelezwa, lakini hakuwa amelifanya. Nadhani mafundi wengi wanajua mambo mengi ambayo hawayafanyi kwa sababu hakuna mteja anayesubiri kuyaona.

Nilitoka gereji saa kumi na moja jioni nikiwa nimeridhika, na kuridhika huko kulidumu mpaka nilipoingia kwenye lami ya kwenda Kondoa siku mbili baadaye. Kufikia kilomita 80 kwa saa usukani ulikuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Nilipokata kona haukurudi wenyewe, na kila upepo wa kiangazi uliponipiga ubavuni gari lilitaka kwenda kuangalia kuna nini upande wa pili. Lori la mizigo liliponipita nilishika usukani kwa mikono yote miwili kama mwanafunzi wa udereva.

Sababu yake inaitwa kasta. Ni mwinamo wa mhimili unaogeukia gurudumu, ukiutazama kwa ubavu. Uma wa mbele wa baiskeli nao umelala hivyo, na mlalo huo husaidia baiskeli kushika njia yake hata ukilegeza mikono. Katika gari lenye ekseli nzima, ukiiinua chesisi, mikono inayoishika ekseli inainama na kuizungusha ekseli mbele kidogo, na mwinamo huo unapungua kwa digrii moja hivi, au zaidi, kwa kila inchi unayopanda. Nilikuwa nimepanda inchi mbili na nusu kutoka pale springi zilizochoka zilipokuwa zimeketi. Kituo cha kupima magurudumu kilisoma digrii moja upande wa kushoto na pungufu ya hapo kulia, na kijana wa pale akaniambia kwa upole, "Gari hili halina marekebisho ya kasta, mzee. Sisi tunaweza kurekebisha tairi kutazamana tu." Alikuwa sahihi. Kiwandani halikuwekewa nati ya kurekebishia kasta. Dawa yake ni kubadilisha bushi za mikono upande wa ekseli na kuweka zile zilizotobolewa nje ya kitovu, ambazo zinairudisha ekseli nyuma.

Muuzaji hakunitajia bushi hizo hata mara moja, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa katika safari nzima. Kumuuzia mtu springi za kuinua gari la aina hii bila kumwambia habari ya kasta ni kumuuzia kiatu kimoja. Niliagiza bushi nne, nikasubiri siku tano, kisha nikalipia kazi ya pili, ambayo ni ngumu kuliko ya kwanza kwa kuwa bushi za zamani hazitoki bila mashine ya kukandamiza. Zina alama ya kuonesha upande unaopaswa kutazama mbele, na zikigeuzwa zinaongeza tatizo badala ya kulipunguza. Safari hii nilikaa kwenye ndoo mbele ya mashine mpaka ya mwisho ikaingia. Vipimo vilirudi kwenye digrii tatu. Nilipoingia tena barabara ya Kondoa, usukani ulirudi katikati wenyewe, na nikaweza kunywa maji nikiendesha.

Shokapu sikubadilisha siku ya kwanza, na hapo ubahili ulikuwa wangu mwenyewe. Springi ngumu zaidi hurudisha nguvu nyingi zaidi inapoachiwa, na kazi ya shokapu ni kuimeza nguvu hiyo. Zile za zamani hazikuiweza. Pua iliendelea kupanda na kushuka mara tatu baada ya kila tuta. Tena zilikuwa fupi, kwa hiyo ekseli iliposhuka kwenye shimo zilifika mwisho wa urefu wake na kutoa mlio wa kugonga. Nilivumilia mwezi mmoja, nikanunua jozi ndefu inayolingana na springi, na laiti ningezinunua pamoja ningelipia ufundi mara moja.

Baada ya hayo yote kukamilika ndipo nilipoanza kuzionja springi zenyewe, na hapo sina budi kusema kwamba zinastahili. Korongo la kwanza baada ya Mpwapwa, lile lenye ukingo wa mchanga uliokatika wima, nililishuka kwa mwendo uleule wa zamani nikiwa nimekaza taya kusubiri kishindo, na kishindo hakikuja. Pua ilizama, ikafika mahali, ikakataa kuzama zaidi, ikarudi. Nilisimama ng'ambo nikashuka kuangalia alama ya matope kwenye raba mpya za kizuizi, zilikuwa hazijaguswa. Tangu hapo zimeguswa mara chache, na kwa makosa yangu.

Kwenye barabara ya changarawe ya kuelekea Mvumi, ambayo wakati wa kiangazi hufanya mawimbi madogo kama bati la kuezekea, mabadiliko ni ya wastani. Mitetemo ile huamuliwa zaidi na tairi na shokapu kuliko springi, na mtu akikuahidi kwamba springi peke yake zitaiondoa, anakudanganya. Nilichokipata ni kwamba pua haielei tena kuelekea mtaroni kwenye kona zenye mawimbi. Kwenye lami faida inaonekana unapofunga breki: zamani gari lilikuwa likisujudu kila ng'ombe alipokatiza barabara, na taa za nyuma zikielekea mbinguni, sasa linasimama likiwa limenyooka. Wakati wa mvua, kwenye udongo mweusi wa mbuga karibu na Bahi, ule urefu ulioongezeka chini ya bampa ulinisaidia kupita sehemu mbili ambazo mwaka uliotangulia nilizipita kwa winchi.

Kasoro zipo. Nikitembea mjini bila mzigo, matuta madogo ya barabarani yanasikika zaidi kuliko zamani, hasa yale makali yaliyomwagwa na wananchi wenyewe mbele ya nyumba zao. Ni ugumu unaovumilika kwa daraja la kati. Nimepanda gari la rafiki aliyefunga daraja kubwa bila winchi, na kutoka Area C hadi sokoni Majengo nilihisi nimebebwa kwenye toroli la matofali. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, alipoliona gari alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, sasa mimi nitapandia ngazi ya kukwea mbuyu?" Ikabidi nimchomeleshee kidato cha chini. Taa nazo zilipanda pamoja na pua, na usiku wa kwanza madereva waliokuja mbele yangu walinimulikia kwa hasira hadi Chamwino kabla sijaelewa kwamba kosa ni langu. Ni kazi ya bisibisi na dakika kumi mbele ya ukuta, lakini gereji haikuikumbuka.

Nimepima tena wiki iliyopita. Springi zimeketi kwenye sentimita 52.8 kushoto na 52.6 kulia, yaani zimeshuka chini ya sentimita moja, na karibu yote ilishuka katika kilomita 2,000 za mwanzo. Baada ya hapo kipimo hakijasogea. Rangi imechubuka kidogo kwenye mzunguko wa chini ambako mawe hurushwa, nami nimeipaka mafuta mazito ili kutu isianzie hapo, kwa kuwa ndipo ile ya zamani ilipokatikia.

Kwa upande wa gharama, jozi ya springi ilikaribia bei ya matairi mawili mapya ya ukubwa wa gari hili, na ukijumlisha bushi, shokapu, ufundi wa mara tatu na upimaji, nilifikia zaidi ya mara mbili ya bei ya springi. Aliyejipanga akanunua vyote pamoja na kufanya kazi kwa siku moja atapunguza sehemu kubwa ya hiyo. Asiye na bampa la chuma wala winchi, na ambaye gari lake haliendi mbali zaidi ya Mji wa Serikali Mtumba na kurudi, atafute springi mpya za kiwango cha kiwandani. Hizi atazilipia ili apate gari lisilostarehesha.

Springi za nyuma bado ni za kawaida, nilizozifunga mwaka juzi. Gari likiwa tupu linasimama sawa kabisa, lakini nikipakia mabomba na sanduku la vifaa nyuma inashuka, pua inainuka, na usiku taa hazimuliki tena barabara bali matawi ya mibuyu. Safari ya Haneti ya wiki ijayo nitaiendesha mchana, na jozi ya nyuma nimekwisha kuiagiza, safari hii pamoja na shokapu zake.